Timu za Mjini na Uwanja wa Kwetu

Wahenga walisema, Mcheza kwao hutunzwa. Maana yake ni wazi: mtu achezaye ngoma mbele ya watu wake hupewa tunzo, kwa kuwa wamjua yeye na wamjua mama yake. Neno hili tumelifikiri mara nyingi tangu Jumapili moja ya mwaka 2023, nasi twapenda kuwaeleza wasomaji wetu sababu yake, kisha tuulize pamoja kama mithali hii ingali kweli katika vijiji vyetu.

Siku ile, tarehe 5 Novemba, timu ya kijiji chetu ilikuwa na mchezo wa mwisho wa kombe la kata. Vijana walikuwa wamejizoeza miezi mitatu, kila jioni baada ya kazi za shamba. Mama mmoja alikuwa amewashonea namba migongoni kwa vitambaa vya pazia kuukuu. Mchezo ulianza saa kumi, na watu walikuwa wengi, hata watoto wakapanda miembe. Lakini ilipokaribia saa kumi na moja watu walianza kuondoka, kwanza mmoja mmoja, kisha makundi makundi, kama nyuki wahamao mzinga. Walikwenda wapi? Walikwenda kwenye kibanda chenye televisheni, maana saa ile Simba na Yanga walikuwa wakianza kucheza huko Dar es Salaam. Timu yetu ilipofunga bao la ushindi, tulihesabu watazamaji tisa, na wawili katika hao walikuwa wakichunga mbuzi. Nasi tusijisifu kwamba tulibaki, kwani tulibaki kwa sababu tulikuwa tumeshika filimbi.

Vijana walipokwisha kupokea kombe lao, wakakunja nyavu, wakazirudisha shuleni, na jua lilikuwa limekwisha kuchwa. Ndipo nahodha wao, kijana wa miaka kumi na sita, alipokimbia hata kibandani, akasimama mlangoni, akapiga kelele, "Tumeshinda!" Wapenzi wa Yanga wakamjibu kwa furaha, "Twajua, matano kwa moja!" Nao wapenzi wa Simba, wakidhani amekuja kuwacheka, wakamfukuza. Akarudi kwao na kombe la bati mkononi, wala hakuna aliyelitazama.

Tulicheka habari hii tuliposimuliwa. Lakini usiku hatukulala vema. Tulijiuliza: imekuwaje hata timu mbili za mji mmoja wa pwani zikawa karibu na watu wetu kuliko watoto waliowazaa wenyewe?

Kwanza yafaa tukumbuke asili yake. Chama cha Young Africans, ambacho watu hukiita Yanga, kilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata baadhi ya watu wake walijitenga wakaunda chama chao, kikaitwa Queens, kisha Eagles, kisha Sunderland, na mwaka 1971 kikapewa jina la Simba. Nyumba ya Simba iko Mtaa wa Msimbazi, na ya Yanga iko Jangwani, wala mtu atembeaye kwa miguu hatachoka kutoka hii mpaka ile. Basi ugomvi huu ulikuwa wa majirani wa mitaa michache. Leo hakuna kijiji tukijuacho, toka Bukoba hata Mtwara, ambacho hakina watu wa Simba na watu wa Yanga. Mambo kama haya hayaji kwa bahati. Sisi twaona sababu nne.

Ya kwanza ni jina. Coastal Union ya Tanga imebeba pwani katika jina lake. Tukuyu Stars imebeba Tukuyu, na Mbeya City imebeba Mbeya. Mtu wa Singida akiipenda Mbeya City, wenzake watamwuliza, "Wewe una nini na Mbeya?" Lakini simba ni mnyama wa porini, hana mji. Na Young Africans maana yake ni Vijana wa Afrika. Ni nani miongoni mwetu awezaye kusema kwamba hakupata kuwa mmoja wao? Tena watu wa Yanga hujiita Wananchi, na mwananchi ni kila mtu. Majina haya mawili, Simba na Young Africans, hayautaji mji wa Dar es Salaam. Jina lisilo na mji ni kama nyumba isiyo na ua: apitaye aweza kuingia.

Ya pili ni sauti. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hata miaka ya 1990. Kwa muda mrefu kabla ya hapo watu wa mashamba waliujua mpira mkubwa kwa redio tu, na redio ya taifa ilikuwa Dar es Salaam, ikitangaza michezo ya Dar es Salaam, kwa Kiswahili ambacho mtu wa Kyela na mtu wa Musoma hukisikia sawasawa. Wazee wetu wasimulia jinsi watu ishirini walivyokaa kuzunguka redio moja chini ya mti, mwenye redio akiogopa betri zisimwishie kabla ya mchezo kwisha. Nao mpira unaosikiwa huwa mkubwa kuliko mpira unaoonekana. Mtangazaji akisema mkwaju ulipita kama umeme, kila msikilizaji huuona umeme wake mwenyewe. Timu ya kijijini ilikuwa na mpira na miguu, lakini haikuwa na mtu wa kuisimulia.

Ya tatu ni vijana wenyewe. Timu hizi mbili hazikujengwa kwa watoto wa Dar es Salaam peke yao. Zilikwenda kuwatafuta wachezaji Tanga, Morogoro, Mwanza, Kigoma na Unguja. Juma Kaseja, mlinda mlango aliyezaliwa Kigoma, aliilinda Simba miaka mingi, na Yanga pia aliichezea. Mchezaji wa namna hii hasafiri peke yake. Nyuma yake husafiri mioyo ya watu wa kwao: shangazi asiyejua sheria hata moja ya mpira, na mwalimu aliyempiga kwa kuchelewa darasani, ambaye sasa husema, "Yule nilimlea mimi." Timu ya mjini ikimchukua kijana mmoja, imechukua na kijiji chake.

Ya nne ndiyo iliyo kubwa kuliko zote, nasi twashangaa kwamba watu huipita bila kuitazama. Ni utani. Kabla mpira haujafika katika nchi hii, wazee wetu walijua utani. Mnyamwezi na Mzaramo waliweza kutukanana msibani, na kunyang'anyana kitoweo, wala asiwepo mwenye kukasirika, maana watani ni ndugu kwa njia ya mzaha. Simba na Yanga walipoitwa watani wa jadi, mpira ulitiwa katika chombo kilichokuwa tayari katika kila kijiji. Mzee wa Simba bado husimulia mabao sita bila jibu ya mwaka 1977, na mzee wa Yanga humjibu kwa matano ya mwaka 1968. Kijana wa Simba hutaja matano ya mwaka 2012, na wa Yanga sasa anayo matano kwa moja ya siku ile tuliyoitaja. Mtu aweza kujivunia bao lililofungwa kabla hajazaliwa, kama vile mtu ajivuniavyo babu yake. Kwa sababu hiyo mgeni akifika kijijini haulizwi kama anapenda mpira. Huulizwa, "Wewe Simba au Yanga?" Naye akijibu, amepata ndugu nusu ya kijiji, na watani nusu ya pili.

Hapa yatupasa kusifu kabla ya kulaumu. Mgawanyiko huu umewaunganisha watu. Upande mmoja wa kibanda utamkuta Mchaga na Mmakonde, Mkristo na Mwislamu, tajiri wa duka na mchunga ng'ombe wake, wote wakiimba pamoja. Siasa na kabila hazikuwagawa hivyo, na hilo ni jambo jema katika nchi. Tena tarehe 25 Julai 2021 timu hizi zilicheza fainali ya kombe la shirikisho katika uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka pwani, na Simba ikashinda bao moja. Watu wa ziwani waliokuwa wakizisikia tangu utoto waliziona kwa macho. Hatutasema neno baya juu ya siku kama ile.

Lakini tupime pia upande wa pili wa mizani. Timu hizi zinapokwenda mkoani kucheza na timu ya mkoa, tazama uwanja. Upande huu ni nyekundu na nyeupe, au kijani na njano. Wenyeji, waliolala katika mji ule na kula ugali wa mji ule, huwa wageni nyumbani kwao. Mchezaji wa nyumbani akikosea, huzomewa na jirani yake. Akifunga bao, uwanja hunyamaza kama msiba. Watu wa mjini hawakuwalazimisha watu wa mkoa kufanya hivyo. Ni sisi wenyewe tunaofanya. Mcheza kwao hatunzwi tena.

Yatupasa kusema kweli yote, maana lawama isiyo na haki ni uvivu wa akili. Simba na Yanga hawakuziua timu za mikoani. Zilikuwako timu zenye nguvu. Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa mwaka 1975, Tukuyu Stars mwaka 1986, Coastal Union mwaka 1988, na Mtibwa Sugar mwaka 1999 na 2000. Nyingi za timu za namna hii zililishwa na mashirika ya umma, viwanda na ushirika, na majina yao yatuambia: Pamba ya Mwanza, Reli ya Morogoro, Ushirika ya Moshi. Mashirika yalipodhoofika, timu zilikosa chakula. Ng'ombe akifa kwa kukosa majani, usimshitaki jirani kwa kuwa ng'ombe wake ni mnene. Tena mwaka 2021 kampuni ya Azam ilifanya mapatano ya shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi ili kuonyesha michezo ya ligi, na fedha hizo hugawiwa timu zote za ligi. Fedha kama hizo hupatikana kwa sababu watu wengi hupenda kuzitazama timu mbili zile. Basi wadogo nao hula katika sahani ya wakubwa. Ila sahani ile huishia ligi kuu. Hakuna punje inayodondoka hata kombe la kata.

Wala mtu asituambie kwamba watu wa mikoani hawawezi kupenda chao. Mbeya City ilipanda ligi kuu mwaka 2013, na katika msimu wake wa kwanza ilimaliza nafasi ya tatu. Wakati ule watu wa Mbeya waliwafuata vijana wao hata katika miji ya mbali, wakavaa rangi zao, wakaimba nyimbo zao. Lakini mambo yalipogeuka, na kuwa mabaya, wengi walirudi kwa wapenzi wao wa zamani. Sisi twasema, upendo ulikuwako, uliokosekana ni uvumilivu. Mtu wa Simba hustahimili miaka minne timu yake isipotwaa ubingwa, naye wa Yanga amefanya hivyo pia. Mbona timu ya nyumbani twaipa mwaka mmoja tu?

Mambo haya si ya nchi yetu peke yake, na ni vema kutazama jinsi wengine walivyofanya. Katika Marekani mchezo wa beziboli, ambao mtu hupiga mpira kwa gongo, una timu ya zamani iitwayo Cardinals, ya mji wa St. Louis kando ya mto Mississippi. Hata miaka ya 1950 hapakuwa na timu nyingine ya ligi kubwa upande wa magharibi wala kusini zaidi yake. Redio yenye nguvu ya KMOX ilichukua sauti ya michezo yao usiku, ikapita mashamba ya mahindi na ya pamba, ikaingia nyumba za watu wa majimbo mengi ambao hawakupata kuuona mji wenyewe. Hata hapo ni kama habari yetu. Lakini wao waliongeza jambo moja. Kiongozi wao, Branch Rickey, tangu miaka ya 1920 alizishika timu ndogo katika miji midogo, akawaweka humo vijana waliokuwa wakifundishwa kabla ya kupelekwa St. Louis. Basi mtu wa mji mdogo aliweza kuwatazama nyota wa kesho katika uwanja wa kwao, kwa kiingilio kidogo, na jioni akasikiliza wakubwa wao kwa redio. Mpango ule ulikuwa na kasoro zake: vijana wengi walifungwa katika timu zile bila njia ya kutoka, na mwaka 1938 msimamizi mkuu wa mchezo aliwafungua wengi wao. Lakini funzo lake labaki. Timu ya mjini ilikuwa na jambo la kufanya katika uwanja wa mashambani, wala haikuchukua mioyo na kuondoka.

Hili ndilo neno letu kwa vyama vya mjini, kama gazeti hili lawafikia. Mna matawi katika kila wilaya, yenye mwenyekiti na katibu na bendera. Kazi ya matawi yenu mengi ni kukusanya watu kushangilia, na kukodi magari siku za safari. Kwa nini kila tawi lisipewe timu moja ya vijana ya kuitunza, nyavu na mipira miwili kwa mwaka? Kabla ya msimu kuanza mnacheza michezo mingi ya kujaribu nguvu. Mmoja wa michezo hiyo uchezwe wilayani, wala isiwe mjini daima. Na mkimtwaa kijana, tajeni mbele ya watu timu ya kwanza aliyoichezea, na kijiji chake. Kutaja jina hakugharimu shilingi.

Nasi watu wa mashamba tunalo la kufanya, wala tusingoje mtu wa mjini. Liko jambo moja ambalo wengi hawalijui. Kwa kanuni za shirika la mpira la dunia, FIFA, mchezaji akiuzwa kutoka nchi hata nchi nyingine, sehemu tano katika mia za fedha ile hugawiwa vyama vilivyomlea tangu umri wa miaka 12 hata 23. Lakini hugawiwa vyama vilivyoandikishwa, vyenye kumbukumbu ya mchezaji na miaka aliyokaa kwao. Timu isiyo na daftari haina ushahidi, na asiye na ushahidi hapewi kitu hata kama ndiye aliyemfundisha mtoto kusimama. Basi walimu wenzetu, kazi ya kuandika daftari twaijua. Tuandikishe timu zetu, tuandike majina, tarehe za kuzaliwa, siku ya kuingia na siku ya kutoka. Huenda miaka ishirini ipite bila faida. Mwembe nao haulipi mwaka wa kwanza.

Labda msomaji mmoja atasema, "Mwalimu atuambia tuache Simba na Yanga." Hasha. Sisi wenyewe tuna upande wetu, wala hatutautaja, maana tuna watani katika kila darasa na tungekosa amani. Mtu aweza kumpenda mjomba wa mbali bila kumnyima mwanawe chakula. Tusemalo ni hili: wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu umechakaa, namba zake zimeshonwa kwa pazia, lakini ndio tulio nao, na ndio tutakaoketi juu yake msala ukiisha kupita.

Yule nahodha sasa amemaliza shule, naye hucheza bado. Kombe lile la bati liko juu ya kabati katika chumba cha walimu, na watoto wadogo hulifuta vumbi kwa zamu. Mwaka uliofuata tulikwenda kwa wazee wa kata tukawaomba jambo dogo: mchezo wa mwisho usiwekwe siku ya Simba na Yanga, nao wakakubali. Siku ile ilikuwa Jumamosi. Watu walikaa hata mwisho, na mwenye kibanda alifunga mlango wake akaja na viti vyake, akavikodisha kwa shilingi mia kila kimoja. Tulifungwa mabao mawili. Nahodha wetu alitoka uwanjani akilia, na wanawake waliokuwa kando ya mstari wakamfuata, wakamtia sarafu mkononi.